Mama Angela na Gurudumu la Nyasi

Pale Mtaa wa Mkunguni, Kariakoo, waliokuwa wakinunua vipuri vya baiskeli miaka ile ya ruksa wanamkumbuka Isidori kwa jambo moja: hakuweza kumwona mtu na mzigo asimpokee. Ukija dukani kwake kuchukua katoni ya tyubu, ataibeba yeye mpaka kwenye mkokoteni, na mwenye mkokoteni akizubaa kidogo, Isidori ameshaanza kuusukuma. Kila Desemba, ukoo ulipopanda kwenda Rombo kula Krismasi, ndiye aliyefunga mizigo ya basi zima, ya ndugu zake na ya wasiomjua, huku utingo amesimama pembeni anatafuna muwa. Mkewe Candida, ambaye mtaa wote ulimwita Mama Angela, aliishi na wema huo miaka ishirini. Wema nao huchosha, lakini ukisema hivyo hadharani nani atakuelewa.

Maana Candida hakuwa mtu wa kubebewa. Miaka ya uhaba, sabuni ikipatikana kwa foleni na tyubu ya baiskeli kwa kibali, alikaa uani kwao Magomeni na beseni la maji akitafuta matundu kwenye tyubu kuukuu za watu. Kuna tyubu alizoziziba mpaka kiraka kikakaa juu ya kiraka. Ruksa ilipokuja na makontena yakaanza kushuka bandarini, wakafungua duka, na yeye ndiye aliyeunga baiskeli zilizoletwa vipandevipande ndani ya makatoni. Alipanga spoku, akanyoosha ringi, huku Isidori akiuza kaunta. Wateja wa kutoka shamba walimpita palepale alipoinama, wakaenda kumwuliza Isidori fundi yuko wapi. Isidori alikuwa akicheka na kumwonyesha kwa kidevu. Candida hakucheka sana.

Habari ya kuogelea ilianza na presha. Daktari alimwambia Candida apunguze chumvi na afanye mazoezi, naye akamsimulia Jasumati, mwenye duka la vitambaa ng'ambo ya barabara. Jasumati alikuwa mama wa Kihindi, mjane, umri wa miaka sitini na kitu, mwenye miwani ya mnyororo na ulimi usio na subira. Kariakoo nzima haikujua kwamba kila Jumanne asubuhi alikuwa akiogelea kwenye bwawa la klabu moja kule Upanga, saa ya akina mama. Akamchukua jirani yake. Sasa, mtoto wa Rombo anayajua maji ya mfereji, yale yanayofika magotini. Maji ya kufika kidevuni ni mambo ya watu wengine. Siku ya kwanza Candida alishika ukingo wa bwawa saa nzima akiwaomba watakatifu mmojammoja kwa jina. Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Mwaka ulipokwisha alikuwa analivuka bwawa lile mara arobaini bila kupumzika, na asubuhi nyingine anakimbia viwanja vya Jangwani kabla duka halijafunguliwa. Wasukuma mikokoteni walizoea kumwamkia na kumwuliza kama amefukuzwa nyumbani.

Mwaka wa tisini na tatu klabu ile ikaandaa mashindano ambayo mji haukuwahi kuyaona: kuogelea baharini kilomita mbili, kupanda baiskeli kilomita themanini mpaka Mapinga na kurudi, halafu kukimbia kilomita ishirini, yote kwa mpigo. Yangeanza saa moja asubuhi, na ambaye hajafika saa tisa kamili alasiri, jina lake haliandikwi. Jasumati alikuwa kwenye kamati. Aliliandika jina la Candida kwanza, akamwuliza baadaye.

Pale Magomeni kikaliwa kikao, maana kwa kina Isidori hata jino likiuma kikao hukaliwa. Bibi Agnesi, mama yake Isidori, ambaye alikuwa ameshuka kutoka Rombo kutibiwa macho, alitaka kujua mwanamke aliyezaa watoto watatu anatafuta nini barabarani na mapaja nje. Godbless, mdogo wake Isidori, alitaka kujua zawadi ni nini, na alipoambiwa ni cheti na kikombe cha bati alirudi kwenye chai yake kwa huzuni. Angela, binti mkubwa, alisema mama aende. Jasumati, aliyekuwa amealikwa kueleza, alieleza na sheria moja akairudia mara tatu huku akimtazama Isidori: mshindani akipokea msaada wa mtu wa nje, hata wa kushikiwa baiskeli tu, ametoka. Maji yatatolewa na kamati. Ndugu wanaruhusiwa kupiga kelele, basi.

Wageni walipoondoka, Candida alimfuata mumewe uani.

"Baba Angela, nakuomba jambo moja. Usinisaidie."

"Nisikusaidie nini?"

"Chochote. Duka ni letu, watoto ni wetu, hii nyumba ni yetu, nashukuru. Hiki kimoja nataka nikimalize kwa mikono yangu mwenyewe."

Isidori akasema sawa. Aliisema haraka, kama mtu anayekubali kwamba kesho ni Jumatatu, na Candida akamwangalia kidogo kabla ya kurudi ndani.

Baiskeli yake ilikuwa ya mtumba, nyepesi, ya gia kumi, aliyoiokota kwenye kontena la vyuma na kuifufua mwenyewe. Chini ya fremu alifunga pampu ndogo iliyokuja nayo. Tairi zilikuwa za zamani, na tyubu zake zilikuwa na viraka sita, vitatu mbele na vitatu nyuma, vyote vya mkono wake. Alivijua kila kimoja kilipo na kilivyopatikana. Alikwenda nazo Bagamoyo na kurudi mara tatu, hazikumwangusha.

Hapo ndipo mapenzi yalipoharibu kazi. Watu wa kwao Isidori wana desturi yao: hakuna safari ya maana inayoondoka na kitu kikuukuu. Desemba ikikaribia, gari hubadilishwa matairi yote manne hata kama bado yana kucha, watoto hununuliwa viatu, na mtu huona afadhali asipande mlimani kabisa kuliko kuonekana Rombo na tairi lililolika. Baiskeli zote zilitakiwa kukabidhiwa kwa kamati Oysterbay Jumamosi jioni, na Candida alikuwa kanisani kwenye maungamo. Isidori akabaki peke yake stoo na ile baiskeli. Aliziangalia zile tairi za zamani, akawafikiria watu wote watakaokuja, akaona aibu kwa niaba ya mkewe. Yeye, muuza vipuri wa Mkunguni, mkewe apite mbele ya watu na viraka?

Alichagua tairi bora kuliko zote dukani, na ndani yake akaweka tyubu nene mpya zilizoshuka wiki ile, zenye valvu pana kama ya gari. Akazijaza upepo kwa pampu kubwa ya mguu ya dukani, ambayo haichagui valvu. Kwenye mfuko mdogo wa chini ya kiti, akaondoa tyubu ya akiba yenye kiraka, akaweka mpya ya aina ileile. Akaipangusa baiskeli mpaka ikang'aa, akaipeleka Oysterbay mwenyewe, akarudi nyumbani anapiga mluzi. Moyoni alijiambia kwamba huko si kusaidia, ni kuandaa. Pampu ndogo ya chini ya fremu aliipita tu bila kuiangalia.

Asubuhi ya Jumapili familia ilikuwa imejaa kwenye pikapu ya duka: Bibi Agnesi mbele na khanga mbili mabegani, nyuma Angela na wadogo zake, Godbless na sufuria la kugonga, na ile pampu ya mguu, maana Isidori hakutoka nyumbani bila vifaa. Washindani walikuwa arobaini na mmoja, wengi wao Wazungu wa balozini na vijana wa klabu, wanawake watano. Filimbi ilipolia, Candida akaingia baharini na wenzake. Isidori alisimama kwenye mchanga akahesabu kofia, akaipoteza ya mkewe, akaipata, akaipoteza tena. Miaka yote aliyoishi Dar bahari hakuipenda. Saa mbili kasorobo kofia nyekundu ikaja ufukweni, ya thelathini na tatu, na chini yake mtu mnene wa kiasi, mwenye umri wa miaka arobaini na moja, anatembea kwa miguu yake mwenyewe. Bibi Agnesi, aliyekuwa amejifunika macho kwa sababu ya mapaja, alijifunua.

"Ametoka?" aliuliza. Alipoambiwa ametoka, alisema kwamba kwao hakuna mwanamke aliyewahi kufanya hivyo, na sauti yake haikuwa ya kulaumu tena.

Candida alipofika kwenye baiskeli akaziona tairi mpya. Alisita, akainua macho, akamtafuta mumewe kati ya watu akampata. Isidori akatabasamu. Yeye hakutabasamu, lakini saa ilikuwa inakwenda, akapanda akaondoka.

Njia ya Bagamoyo familia ilimfuata kituo kwa kituo. Walikuwa wakimpita, wanasimama mbele, wanashuka, Godbless anagonga sufuria, watoto wanaita mama, Bibi Agnesi anapiga vigelegele vya Kirombo ambavyo wachoma mkaa wa Bunju walivielewa kama harusi. Candida alipita kila mara bila kugeuka, isipokuwa mkono mmoja aliouinua kidogo. Alipogeuza Mapinga alikuwa wa ishirini na nane. Isidori alilitaja hilo kwa kila mtu aliyekuwa karibu, pamoja na muuza madafu ambaye hakuuliza.

Pancha aliipata akirudi, hapo Tegeta, kilomita kama kumi na tano kabla ya Oysterbay. Pikapu ilikuwa imesimama hatua hamsini mbele, wakaliona gurudumu la mbele likilegea. Candida akashuka, akaigeuza baiskeli juu chini, na wote wakatulia kwa sababu walijua kazi hiyo kwake ni ya dakika tano. Akalitoa gurudumu, akavua tairi, akang'oa kipande cha chupa. Tyubu ya akiba akaipachika. Kisha akaifungua pampu yake, akakivua kifuniko cha valvu, na mikono yake ikasimama.

Isidori alielewa kabla hajaambiwa. Mdomo wa pampu ile ulikuwa mwembamba, wa valvu nyembamba za zamani, na valvu alizoweka yeye ni pana. Miaka saba alikuwa anawaambia wateja waangalie valvu kabla ya kununua pampu. Damu ilimpanda usoni, akairukia pampu ya mguu nyuma ya pikapu, akakimbia nayo barabarani. Mwamuzi mmoja kijana alikuwa amefika na pikipiki na kuzima injini.

"Shikamoo mzee," alisema kijana yule. "Ukimpa hiyo, mimi namfuta."

"Marahaba. Kosa ni langu. Yeye hajui lolote, mimi ndiye niliyebadilisha."

"Naelewa mzee. Lakini nitamfuta."

Isidori alikuwa hatua tano kutoka kwa mkewe. Aliona jasho likimdondoka kwenye ringi. Candida hakumfokea, na huko kutofoka ndiko kulikomkata maini.

"Baba Angela," alisema, "rudi nyuma."

Akarudi nyuma. Mshindani mmoja aliyekuwa amebaki nyuma akafika, akapunguza mwendo na kumwonyesha Candida pampu yake; nayo ilikuwa ya mdomo mwembamba, akapita. Godbless alishauri Angela azimie ili mwamuzi ageuke. Bibi Agnesi alimtazama mwanawe mkubwa, aliyeikumbatia pampu ile kifuani bila kujua aiweke wapi, na macho yake mabovu yalimwona vizuri sana.

"Si alikwambia?" alisema.

Alikuwa amemwambia. Isidori alitamani aulizwe kitu kingine chochote. Yakishamwagika hayazoleki, na saa yake ya mkononi ilikuwa inaonyesha saa tano kamili.

Ndipo Candida akaingia pembeni mwa barabara na kuanza kung'oa nyasi. Watoto walidhani mama amechoka akili. Lakini Isidori alijua. Wabeba mkaa wa njia ile, wanaokuja dukani kununua tyubu, husimulia jinsi wanavyofika nyumbani tyubu ikiwa imekufa: unajaza nyasi. Candida alikuwa akiwasikiliza siku zote ameinama na spoku zake, wao wakidhani wanazungumza na mwenye kaunta. Aling'oa kwa mikono miwili, akazisokota kama mtu anayesuka kata ya kichwani, akazishindilia ndani ya tairi kwa kisigino cha mkono, akazunguka ringi lote, akarudi kuanza kwa sababu zimelegea, akazunguka tena. Vidole vilimtoka damu. Mwamuzi alitoa kijitabu chake cha sheria, akatafuta nyasi, hakuziona, akakirudisha mfukoni.

Dakika thelathini na tano zilipita. Zilikuwa dakika ndefu kuliko zote katika ndoa ya Isidori. Kila kitu mwilini mwake kilitaka kwenda. Mara mbili Angela alimshika shati. Alilolifanya badala yake ni kuiweka pampu chini, kuweka mikono nyuma kama mtoto wa shule, na kuanza kumwita mkewe kwa jina. Hakusema Mama Angela. Alisema Candida, jina alilomwitia kabla hawajaoana, mara ya kwanza taratibu, halafu kwa sauti ya kuita basi. Godbless akaingiza sufuria. Bibi Agnesi akaingia na vigelegele. Candida hakuinua kichwa, lakini mikono yake iliongeza kasi, na Isidori aliona hivyo, na alipoona hivyo akajisikia fahari. Alielewa palepale barabarani Tegeta, kabla ya kikombe na kabla ya cheti: huyu mwanamke alikuwa anaweza siku zote, na yeye alikuwa anamsimamia mbele akimzibia.

Gurudumu lile lilitembea. Lilikuwa linayumba na kupiga kishindo kila lilipozunguka, lakini lilitembea mpaka Oysterbay, na saa sita na nusu Candida aliivua kofia ngumu, akaondoka mbio. Mbio nasema mimi. Ilikuwa mwendo wa mtu anayewahi ibada. Jua lilikuwa utosini. Akavuka Daraja la Salenda, akashika barabara ya baharini, akapita Posta pakiwa na kimya cha Jumapili, akazunguka mpaka lango la bandari na kurudi, mara mbili kama ilivyopangwa. Pikapu haikuruhusiwa tena kufuata. Familia ikaenda kumngoja Mnazi Mmoja kwenye utepe wa mwisho, na hapo hawakuwa peke yao. Godbless alikuwa amepita Kariakoo kutangaza, na Kariakoo haihitaji kutangaziwa mara mbili.

Saa nane na nusu walikuwa wameshafika thelathini na sita. Saa nane na dakika arobaini, thelathini na wanane. Jasumati alikuwa amesimama mezani pa waandishi na saa mkononi, akimfokea kila aliyesogeza meza. Isidori alikuwa ameacha kuangalia saa. Alikuwa anasikiliza, kwa sababu kilomita ya mwisho ilipita Msimbazi, na kutoka Msimbazi sauti ilianza kuja. Ilianza mbali, ikakaribia kona moja baada ya nyingine, sauti za wachukuzi wakiambiana watoe mikokoteni njiani, Mama Angela anapita. Halafu akatokea. Shati limemganda mwilini, mguu wa kushoto anauburuta, macho yako kwenye utepe tu. Mchukuzi mmoja alikimbia kando yake akanyoosha mkono amshike kiwiko, na Isidori, yule Isidori wa kupokea mizigo, ndiye aliyepaza sauti kuliko wote.

"Mwache. Usimguse. Anaweza."

Akavuka utepe saa nane na dakika hamsini na sita. Jasumati aliliandika jina kwa mkono wake, nambari thelathini na tisa, kisha akavua miwani na kuifuta kwa pindo la sari ingawa haikuwa na vumbi. Bibi Agnesi alikuwa ameshatandika khanga zake zote mbili chini, ng'ambo ya utepe, ili mkwewe akanyage, na Candida alikanyaga hatua mbili, ya tatu akakaa. Watu walipiga makofi. Isidori alisimama mbele yake, mikono bado iko nyuma, hajui kama ameruhusiwa.

Candida alivuta pumzi muda mrefu. Kisha akanyoosha miguu.

"Nimemaliza," alisema.

"Nimeona."

"Siwezi kuinama, Baba Angela. Nivue viatu."

Isidori akapiga magoti, mbele ya mama yake na mbele ya nusu ya Kariakoo, na akaanza na cha kushoto.